Je, Wajua? Novemba 11, siku ya Ufaransa kuwataja waliokufa vitani

Kila tarehe 11 Novemba, ofisi, benki na shule za Ufaransa hufungwa. Asubuhi, katika jiji la Paris na katika vijiji vyenye nyumba chache tu, watu hukusanyika mbele ya mnara wenye majina. Meya huvaa mshipi wa rangi tatu za bendera, askari wazee hushika bendera za vyama vyao, na mara nyingi watoto wa shule ndio wanaopewa kazi ya kusoma majina ya waliokufa, moja baada ya jingine. Kila jina likisomwa, hujibiwa kwamba huyo amekufa kwa ajili ya Ufaransa. Tarumbeta hulia, watu hunyamaza kwa dakika moja, kisha wimbo wa taifa huimbwa. Vita Kuu ya Kwanza, Ufaransa ilivishinda, lakini siku yake waliachiwa marehemu. Haya ni machache kati ya mengi yaliyomo katika historia ya siku hiyo.

Je, wajua kwamba siku hii ilidaiwa na askari wenyewe? Vita Kuu ya Kwanza vilikwisha mwaka 1918, na vilikuwa vimeua askari wa Ufaransa wapatao milioni 1.4. Mwaka 1921 Bunge lilikubali kuwe na siku ya kumbukumbu, lakini ikiangukia siku ya kazi isogezwe hadi Jumapili inayofuata. Waliorudi kutoka mahandakini walikasirika. Waliona kwamba taifa lililowachukua kwa zaidi ya miaka minne haliwezi kukosa siku moja kwa ajili ya wenzao waliobaki huko. Vyama vyao vilikuwa na nguvu, na sheria ya tarehe 24 Oktoba 1922 ikaifanya Novemba 11 yenyewe kuwa siku ya mapumziko. Kwa maoni yangu, hapo ndipo siku hii ilipopata heshima yake: walioidai ni watu waliokuwa wakijua majina yale yalikuwa ya nani.

Je, wajua kwamba vita vilisimamishwa ndani ya behewa la chakula? Kamanda mkuu wa majeshi ya washirika, Marshal Ferdinand Foch, alikuwa na ofisi ndani ya behewa namba 2419 lililokuwa mali ya kampuni ya Wagons-Lits. Lilisimamishwa kwenye reli ya pembeni katika msitu wa Compiègne, karibu na kituo cha Rethondes. Wajumbe wa Ujerumani waliletwa wakiongozwa na mwanasiasa raia, Matthias Erzberger. Saini zilitiwa alfajiri ya Novemba 11, mnamo saa 11 na dakika chache, na mapigano yakatakiwa kukoma saa 5:00 asubuhi. Kwa hesabu ya saa ya Kizungu hiyo ni saa ya kumi na moja, ya siku ya kumi na moja, ya mwezi wa kumi na moja, na ndiyo maana namba hiyo huandamana na kila simulizi ya siku hii. Mkataba ulikuwa wa siku 36 tu na ukalazimika kuongezwa muda mara kadhaa. Amani yenyewe ilitiwa saini Versailles tarehe 28 Juni 1919. Erzberger hakuishi muda mrefu. Wanaume wenye siasa kali za kizalendo walimuua Agosti 1921, kwa kuwa mkono wake ndio uliotia saini ile.

Je, wajua kwamba watu waliendelea kuuawa baada ya saini? Wajerumani waliomba mapigano yasimame wakati wa mazungumzo, Foch akakataa. Hata baada ya karatasi kutiwa saini yalibaki karibu saa sita, na katika saa hizo mizinga haikunyamaza.

Augustin Trébuchon alikuwa mchungaji wa kondoo kutoka milima ya Lozère, kusini mwa Ufaransa. Alikuwa na umri wa miaka 40 na alikuwa vitani tangu 1914. Kazi yake ilikuwa kupeleka ujumbe. Asubuhi hiyo, katika kijiji cha Vrigne-Meuse kando ya mto Meuse, alitumwa na ujumbe kwa askari wa mstari wa mbele: wakusanyike saa 5:30 wapewe chakula. Zikiwa zimebaki kama dakika kumi vita vikome, risasi ilimpata kichwani. Anatajwa kuwa askari wa mwisho wa Ufaransa kuuawa katika mapigano kwenye uwanja wa vita wa magharibi. Ukienda kwenye kaburi lake utaona tarehe ya kifo: Novemba 10. Jeshi lilirudisha siku nyuma, kwake na kwa wenzake waliokufa asubuhi ile, maana ilikuwa vigumu kuiambia familia kwamba kijana wao alikufa siku ya ushindi. Mchungaji aliyevumilia vita kuanzia mwanzo hadi mwisho akanyang'anywa hata siku yake ya kufa. Sioni sababu inayotosha kulihalalisha jambo hilo.

Je, wajua kwamba kuna tarumbeta iliyolia siku nne mapema? Jioni ya Novemba 7, 1918, wajumbe wa Ujerumani walipovuka mstari wa mbele karibu na mji wa La Capelle, mpiga tarumbeta Pierre Sellier alipanda kwenye gari lao akapiga mlio wa kusitisha mapigano ili wasipigwe risasi njiani. Ulikuwa mlio wa kwanza wa aina hiyo katika vita hivyo kwenye uwanja wa magharibi.

Je, wajua kwamba Novemba 11 ilipofika, Afrika Mashariki bado watu walikuwa wakipigana? Jenerali wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, pamoja na askari na wapagazi wake waliokuwa wametembea kutoka Tanganyika hadi Msumbiji na kuingia Rhodesia ya Kaskazini, alipata habari Novemba 13, siku mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Alisalimisha silaha Novemba 25 mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Wapagazi wa upande wa Waingereza walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Kikosi chao cha uchukuzi ndicho kilichoacha majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Dar es Salaam ina Sanamu ya Askari, na Nairobi na Mombasa zina sanamu zao, lakini orodha ya majina ya kusomwa mbele ya watu, kijiji kwa kijiji, haikuandaliwa.

Je, wajua kwamba behewa lile lilitumiwa tena, safari hii kwa kulipiza kisasi? Baada ya vita lilioneshwa Paris, kisha likarudishwa Compiègne mwaka 1927 na kujengewa jumba lake. Juni 1940 Ufaransa ilipoangushwa, Hitler aliamuru ukuta wa jumba hilo uvunjwe, behewa livutwe nje hadi mahali palepale liliposimama 1918, na tarehe 22 Juni Wafaransa wakatia saini ya kushindwa ndani yake. Likapelekwa Berlin kuoneshwa kwa umma, na mwaka 1945 likateketea huko Thuringia. Linaloonekana Compiègne leo ni ndugu yake wa kiwanda kimoja, namba 2439, lililowekwa hapo mwaka 1950.

Je, wajua jinsi Askari Asiyejulikana alivyochaguliwa? Waliokufa bila kutambulika walikuwa mamia ya maelfu. Mizinga ilikuwa imewafukia, imewafukua, ikawafukia tena. Ikaamuliwa kwamba mmoja wao azikwe kwa niaba ya wote. Serikali ilifikiria kumweka Panthéon wanakozikwa watu mashuhuri, lakini maveterani na magazeti wakashinikiza apewe mahali pake peke yake, chini ya Arc de Triomphe, na Bunge likakubali siku chache tu kabla ya sherehe.

Novemba 10, 1920, majeneza manane yalipangwa katika chumba cha chini ya ardhi kwenye ngome ya Verdun. Kila moja lilitoka katika eneo tofauti la mapigano. Yalipaswa kuwa tisa, lakini katika eneo moja hakukupatikana mwili ambao ilikuwa hakika ni wa Mfaransa. Waziri wa Pensheni, André Maginot, aliyejeruhiwa vibaya vitani yeye mwenyewe, alimkabidhi kijana wa miaka 21, askari wa kawaida Auguste Thin, shada dogo la maua yaliyochumwa katika uwanja wa Verdun. Baba yake Thin alikuwa mmoja wa waliopotea vitani. Fikiria kijana huyo akiyazunguka majeneza manane, akijua kwamba huenda baba yake yumo katika mojawapo. Baadaye alieleza alivyoamua: alikuwa wa kikosi namba 132, akajumlisha moja, tatu na mbili, akapata sita, na kikosi kikubwa alichokuwa chini yake nacho kilikuwa cha sita. Akaweka maua juu ya jeneza la sita.

Jeneza hilo lilifika Paris siku iliyofuata, likazikwa chini ya Arc de Triomphe tarehe 28 Januari 1921. Wale saba wengine wamezikwa pamoja Verdun, katika makaburi ya Faubourg-Pavé. Watu wachache huwakumbuka, nao walikuwa na haki ileile ya kuchaguliwa.

Mwali wa moto juu ya kaburi la chini ya Arc de Triomphe uliwashwa mara ya kwanza na Maginot, Novemba 11, 1923. Tangu siku hiyo huchochewa upya kila jioni saa 12:30, mvua inyeshe au theluji ianguke. Jioni ya tarehe 14 Juni 1940, siku ambayo jeshi la Ujerumani liliingia Paris, nayo haikurukwa.

Je, wajua kwamba mke wa Askari Asiyejulikana naye aliletewa shada? Agosti 26, 1970, wanawake wachache walifika chini ya Arc de Triomphe na maua na mabango. Ujumbe wao ulikuwa kwamba yupo asiyejulikana zaidi kuliko Askari Asiyejulikana, naye ni mkewe. Polisi waliwakamata kabla hawajaliweka shada lao, lakini magazeti yaliandika, na tukio hilo huhesabiwa kuwa mwanzo wa vuguvugu jipya la haki za wanawake nchini Ufaransa. Walisema kweli. Wajane wa vita walikuwa mamia ya maelfu, na kaburi la kulilia wengi hawakuwa nalo.

Je, wajua kwamba wakati fulani kuadhimisha siku hii kulikuwa kosa? Novemba 1940 wakuu wa Kijerumani waliokuwa wakiikalia Paris walipiga marufuku maadhimisho. Wanafunzi wa shule za sekondari na vyuo wapatao elfu kadhaa walikwenda Arc de Triomphe hivyo hivyo. Askari wakawatawanya kwa nguvu, zaidi ya mia moja wakakamatwa, na vyuo vikuu vya Paris vikafungwa kwa muda. Lilikuwa miongoni mwa matendo ya kwanza ya wazi ya kuukataa utawala wa Wanazi. Miaka mitatu baadaye, Novemba 11, 1943, wapiganaji wa msituni wakiongozwa na Henri Romans-Petit walishuka mchana kweupe katika mji wa Oyonnax, wakaandamana kwa mwendo wa kijeshi hadi kwenye mnara wa marehemu, wakaweka shada, wakarudi milimani. Habari ilienea nchi nzima.

Je, wajua kwamba Ufaransa ina minara ya marehemu ipatayo 36,000? Karibu kila kijiji kina wake, na mingi ilijengwa ndani ya miaka michache baada ya vita. Kijiji cha Thierville huko Normandy hutajwa sana kwa sababu vijana wake wote walirudi, katika vita vya 1870, vya 1914 na vya 1939. Minara mingi ya vijiji vingine ina majina ya ukoo yanayojirudia mara tatu au nne mfululizo. Ndugu wa tumbo moja.

Huko Gentioux, katika mkoa wa Creuse, mnara wa 1922 hauna askari shujaa. Una mtoto yatima aliyevaa mavazi ya shule ya kijijini, kofia mkononi, akinyoosha ngumi kuelekea orodha ya majina, na chini yake maandishi yanayovilaani vita. Wakuu wa serikali walikataa kuuzindua kwa miaka mingi. Katika minara yote ya Ufaransa, huo ndio ninaouheshimu kuliko wote, kwa kuwa uliandika walichokuwa wakisema wafiwa majumbani mwao.

Je, wajua kwamba Wafaransa wana ua lao la kumbukumbu? Waingereza huvaa ua jekundu. Wafaransa huvaa ua dogo la buluu linaloota lenyewe katika mashamba ya ngano, liitwalo bleuet. Lilikuwa likichipua hata kwenye ardhi iliyopinduliwa na mabomu, na vijana walioingia vitani 1915 wakiwa na sare mpya za rangi ya buluu waliitwa kwa jina hilo na wakongwe wao. Wauguzi wawili wa Paris, Suzanne Lenhardt, aliyefiwa na mume vitani, na Charlotte Malleterre, walianzisha karakana ambapo majeruhi walitengeneza maua hayo kwa kitambaa na kuyauza ili wapate riziki.

Je, wajua kwamba kuna vijiji visivyo na mkazi hata mmoja lakini vina meya? Vijiji tisa karibu na Verdun viliangamizwa kabisa mwaka 1916. Sita kati yake havikujengwa tena: Beaumont, Bezonvaux, Cumières, Fleury, Haumont na Louvemont. Ardhi ilijaa mabomu ambayo hayajalipuka na mifupa ya watu, kiasi kwamba haikuwezekana kulima wala kuishi. Serikali ilikataa kuvifuta kwenye ramani. Kila kimoja bado ni wilaya ndogo kisheria, na meya wake huteuliwa na mkuu wa mkoa, kwa kuwa hakuna wapiga kura. Kazi ya meya huyo ni kutunza kumbukumbu, na Novemba 11 huwekwa maua mahali ambapo zamani palikuwa kanisa, shule au duka la mikate. Jirani na hapo, katika jengo la Douaumont, imehifadhiwa mifupa ya askari wapatao 130,000 wasiotambulika, Wafaransa na Wajerumani pamoja.

Je, wajua kwamba kuna mahali adui na rafiki wameandikwa bila kutenganishwa? Huko Notre-Dame-de-Lorette, kaskazini, Rais François Hollande alizindua duara kubwa la kumbukumbu Novemba 11, 2014. Lina majina 579,606 ya waliokufa katika eneo hilo, kwa mpangilio wa alfabeti tu, bila cheo wala taifa. Mjerumani, Mwingereza, Mhindi na Mfaransa wako bega kwa bega.

Je, wajua kwamba askari wa mwisho wa Ufaransa aliyebaki hai kutoka vita hivyo alikuwa mhamiaji? Lazare Ponticelli alizaliwa Italia mwaka 1897 katika ufukara, akaja Paris akiwa mtoto, akawa anasafisha mabomba ya moshi na kuuza magazeti. Mwaka 1914, akiwa na miaka 16, alidanganya umri ili apokelewe katika Jeshi la Kigeni la Ufaransa. Alitaka kuitetea nchi iliyomlisha. Alipokuwa amebaki peke yake kati ya mamilioni, serikali ilimwahidi maziko ya kitaifa. Alikataa kwanza, akasema si haki kumngoja wa mwisho ndipo wote waheshimiwe. Baadaye alikubali kwa sharti kwamba yawe ya kawaida, na kwa jina la waliouawa. Alifariki tarehe 12 Machi 2008 akiwa na miaka 110. Mwaka 2012 sheria ikapanua maana ya Novemba 11: leo hukumbukwa wote waliokufa kwa ajili ya Ufaransa, wakiwemo wa karibuni kabisa, kama wale wa Afghanistan na Sahel.

Je, wajua kwamba Waafrika nao wanahusika na siku hii? Katika vita vya 1914 Ufaransa iliandikisha Afrika Magharibi peke yake karibu watu 200,000, wengi kwa kulazimishwa, na kama 30,000 hawakurudi. Tarehe 24 Oktoba 1916, ngome ya Douaumont ilipokombolewa, miongoni mwa waliopigana palikuwa na kikosi cha Wasomali walioandikishwa upande wa Djibouti. Askari wengine walitoka Madagaska. Mji wa Reims uliwajengea mnara mashujaa weusi mwaka 1924, na mwingine wa kufanana ukasimamishwa Bamako. Ule wa Reims ulibomolewa na jeshi la Ujerumani 1940. Ulijengwa upya na kuzinduliwa Novemba 2018. Siku chache baadaye, viongozi wa nchi zaidi ya sabini walipokutana Paris kuadhimisha miaka mia moja, mwimbaji wa Benin, Angélique Kidjo, aliimba mbele yao wimbo wa Kitogo, Blewu, kwa heshima ya askari hao.

Heshima hiyo ilichelewa sana. Abdoulaye Ndiaye, wa kijiji cha Thiowor nchini Senegal, alikuwa wa mwisho kati ya askari Wasenegali waliopigana Ufaransa katika vita hivyo. Serikali ya Ufaransa ilipanga kumvisha nishani yake kuu, Légion d'honneur, Novemba 11, 1998. Alifariki Novemba 10, akiwa na miaka 104. Pensheni za wenzake wa makoloni zilikuwa zimegandishwa kwa sheria ya 1959, zikabaki chini mno ya zile za Wafaransa waliolala nao handaki moja. Ilihitajika filamu, Indigènes ya Rachid Bouchareb ya mwaka 2006, ili Rais Jacques Chirac atangaze kuzirekebisha.

Na cheti cha kufa kwa ajili ya Ufaransa, kile kinachotajwa baada ya kila jina, kilianzishwa kwa sheria ya 1915. Tarehe 1 Desemba 1944, katika kambi ya Thiaroye karibu na Dakar, askari wa Kiafrika waliokuwa wametoka kifungoni mwa Wajerumani walidai mishahara yao, na jeshi la Ufaransa likawafyatulia risasi. Ufaransa ilisema wamekufa 35. Wanahistoria wengi wanaamini walikuwa wengi zaidi. Ilipita miaka 80 kabla ya sita kati yao kupewa cheti hicho, mwaka 2024. Mwaka uliofuata wataalamu wa Senegal walianza kuchimba makaburi ya Thiaroye kutafuta waliobaki, huku familia na serikali yao zikiendelea kudai nyaraka zote zifunguliwe na kila mmoja aliyeuawa pale atajwe kwa jina lake.